Siku Primitiva Alipofanywa Bubu

Miaka yote Primitiva alipouza kabichi gulioni kule milimani Sebu, kisiwa cha Ufilipino, hakuwa na kibao wala mizani ya maana. Mdomo wake ulitosha. Aliwatania wanunuzi, akawasuta waliominya nyanya bila kununua, akamwita kila mpita njia mchumba wake, na watu wakamrudia hata kabichi zake zilipokuwa zimetobolewa na wadudu. Hakuna aliyewahi kumwomba anyamaze, mpaka bintiye Merlinda alipomwomba.

Merlinda aliuza miwani Manila. Wiki ya kwanza tu kazini alimpa mwenzake glasi ya maji, akamwambia "imna", yaani kunywa, kama wanavyosema Wabisaya, watu wa kwao. Duka zima likaangua kicheko, maana kwa watu wa Manila m na n za neno hilo hukaa kinyume chake.

"Nyie Wabisaya hata maji mnayapindua kabla ya kuyanywa!"

Jina likamganda: Imna. Alivunjika moyo yule binti. Akaisugua lafudhi ya kwao mpaka ikamtoka, na alipochumbiwa na Arnulfo, kijana wa huko huko Manila, hakuogopa kitu ila siku ambayo wazazi wa kijana huyo wangepanda mlima kuja kuposa.

"Mama, siku hiyo nakuomba usiseme sana."

"Nisiseme nini?"

"Usiseme tu, Mama. Wale hucheka."

Primitiva alimtazama, kisha akaendelea kuchambua kabichi zake. "Haya," akasema.

Wageni walifika Jumapili na nguruwe wao wa kuchoma. Primitiva aliwapokea kwa tabasamu, akawaonyesha viti kwa kuchongoa midomo, akawajazia sahani. Kaka yake, Teban, aliyewahi kuendesha lori Manila, ndiye aliyejibu maswali yote. Mama yake Arnulfo, Bi Milagrosa, akawa anatazama tu. Mwishowe alimwinamia Merlinda.

"Kumbe mama yako ni bubu, mwanangu! Mbona hukutuambia? Hilo si la kuonea aibu."

Loo! Neno moja tu lingetosha: hapana. Merlinda alilisikia limemfika kooni kabisa. Akainamisha macho.

"Ndiyo, mama. Tangu utotoni."

Teban akaweka kijiko chini. "Mwacha asili, wewe binti..." Hakumaliza. Primitiva naye alikuwa amesikia. Upawa wa supu ulisimama juu ya bakuli la mgeni, kisha ukaendelea kumimina.

Basi Bi Milagrosa, mwenye roho nzuri masikini, akaanza kuzungumza na mwenyeji wake kwa mikono. Akajipapasa tumbo kuonyesha chakula ni kitamu. Primitiva akamjibu kwa vidole. Masikio ya Merlinda yaliwaka moto. Mwanamke aliyesikika gulio zima, leo anapunga mikono nyumbani kwake mwenyewe kama mgeni asiye na lugha! Na nani kamfanya hivyo? Ni mtoto wake wa kumzaa. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Walipomaliza kula, Bi Milagrosa akasimama. "Tumekuja kumwomba binti yenu. Baba yake hayupo tena duniani, basi jibu ni la mama." Akamgeukia Primitiva kwa upole. "Wewe itikia kwa kichwa tu, mwenzangu. Kwetu inatosha."

Primitiva hakuitikia mara moja. Alimtazama bintiye kwanza, na macho yake yalikuwa yakiomba ruhusa. Merlinda akayakwepa. Mama yake akaitikia kwa kichwa, na watu wakapiga makofi.

Hapo Merlinda hakuweza kuvumilia tena. Aliinuka, akamimina tembo la mnazi glasi tele, akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Imna, Mama," akasema kwa sauti, vilevile alivyosema siku ile dukani. Kisha akawageukia wageni huku machozi yanamtiririka. "Si bubu. Nimewadanganya. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo, nilimwonea aibu."

Makofi yakakoma. Arnulfo alimkodolea macho. Primitiva akaipokea glasi, akainywa yote taratibu, akajifuta kwa kiganja. Wote wakamngoja aseme.

"Mama, sema," Merlinda akamsihi. "Sema chochote. Nitukane hata."

Primitiva akamrudishia glasi. Halafu akachongoa midomo kuelekea sahani ya Bi Milagrosa, iliyokuwa tupu, na Merlinda akaenda kuijaza.