Mgongo wa Mama Kwenye Picha

Mume wangu alipopewa hifadhi Kanada, nilidhani kazi iliyobaki ni kununua sanduku. Yeye ni wa Uganda, alikimbia kwao kwa mambo ya siasa, nami nikarudi kwa mama yangu hapa Mundika, upande huu wa mpaka, na watoto wetu wawili. Miaka mitatu ndoa yetu ilikaa ndani ya simu. Sasa serikali ya huko ilikubali atuite, mradi tuthibitishe kwamba ndoa ni ya kweli. Tutume picha.

Nilifurahi mpaka nikaimba jikoni. Nilichagua kumi za siku ya mahari, zile zenye heshima zaidi. Katika moja mama amempa mkwe wake mgongo. Katika nyingine amejificha nyuma ya tangi la maji. Katika nyingine amejifunika mwavuli, na jua hakuna. Ile niliyoipenda kuliko zote, mume wangu anatazama nyasi kama mtu aliyeangusha sindano, na mama anaonekana kiwiko tu. Ile tuliyopigwa Port Victoria tumekumbatiana, midomo imejaa samaki, niliificha. Utatumaje upuuzi kama huo kwa serikali?

Ofisa wa huko akajibu kwamba ana shaka. Mama wa bibi harusi anaonekana kuikataa ndoa hii, aliandika, na maharusi hawana picha hata moja ya mapenzi. Tukishindwa kueleza, ombi litakataliwa. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, kisha yakaendelea kutoka bila kicheko, kwa sababu mtoto wetu mdogo alimjua baba yake kwenye skrini tu.

Kesho yake nikampeleka mama kwa wakili mjini Busia tuandike kiapo. Wakili, dada mmoja mchangamfu, alijaribu kueleza kisheria kwamba kwetu mama na mkwe hawashikani mikono, hawali meza moja, hawatazamani usoni. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Mama akachoka kungoja.

"Andika hivi," akamwambia. "Kama huyo angekuwa mkwe wa kuigiza, ningemsalimia kwa mkono, hata chai tungekunywa pamoja. Lakini huyo ni wa ukweli. Ndiyo maana nikimwona natoroka."

Wakili alicheka mpaka akalaza kichwa mezani. Aliandika neno kwa neno, mama akaweka sahihi, mhuri ukapigwa. Nami nikaambatisha ile picha ya samaki, liwalo na liwe.

Habari ilinikuta nikifua. Mume wangu alipiga simu ya video akilia na kucheka kwa pamoja: tumekubaliwa, mimi na watoto wote wawili. Nilizunguka uani na povu mikononi nikipiga vigelegele, watoto wakinifuata bila kujua kisa. Mama, aliposikia sauti ya mkwe wake, alikuwa ameshakimbilia nyuma ya nyumba. Nikamfuata huko nikamwambia. Alicheza mpaka kitambaa kikamvuka kichwani. Kisha akauliza tunaondoka lini, nikasema mwezi ujao, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba yeye anabaki. Nikaanza kumwomba msamaha.

"Nilijua tangu nikiweka sahihi," akasema, "na bado nikaweka."