Ruhusa ya Shemeji

Dada yangu alipoona uvimbe kwenye titi, mumewe alimkataza kwenda hospitali. Alisema wafunge na kuomba. Nilitoka Misungwi nikaenda kwao Buswelu kumchukua.

“Siwezi kwenda bila ruhusa yake, mdogo wangu,” dada alisema huku akikunja mashati ya mumewe. “Biblia inasema mume ni kichwa cha mke.”

Nilimsihi mpaka nikalia, lakini hakukubali.

Mwaka ulipita ndipo shemeji akampeleka hospitali, nami nikawasindikiza; uvimbe ulikuwa umeshapasuka kuwa kidonda na kuanza kunuka. Daktari akauliza kwa nini wamechelewa.

“Aliogopa,” shemeji akajibu.

Dada alinitazama, kisha akamwambia daktari, “Ni kweli, niliogopa.” Kwa kumheshimu dada, nami nikanyamaza. Tulimzika Usagara kabla ya mavuno.