Hatua ya Tano ya Mama

Kila tunapokutana nyumbani Krismasi, kaka yangu mkubwa hungoja watu washibe, kisha huwaambia watoto kwamba yeye ndiye aliyekiona kipaji changu kabla ya mtu mwingine yeyote. Ati alikuwa akininunulia madaftari. Ati alimwambia mama, "Huyu msichana mwache achore." Watoto humsikiliza kwa adabu kwa sababu alikuwa mwalimu na mvi zake zimemkaa vizuri. Mimi huinuka nikaenda kuosha vyombo. Nimeosha vyombo Krismasi nyingi mno kwa ajili ya uongo huo, na sasa nimechoka. Nitaandika ilivyokuwa.

Nilimaliza kidato cha nne mwanzoni mwa miaka ya themanini, shule ya kutwa, nikabaki kwetu, kwenye mteremko ulio nje kidogo ya mji wa Nyeri. Likizo zangu nyingi nilikuwa nimezipitishia Nanyuki kwa tata, dada mdogo wa mama, aliyekuwa akifua mashuka katika hoteli moja. Hoteli ile ilijaa wanajeshi wa kigeni waliokuja kufanya mazoezi, na kwa ajili yao mwenye hoteli alileta mashine ya gemu akaiweka kwenye korido ya baa. Asubuhi wanajeshi walikuwa porini. Mzee wa baa aliifungua mashine kwa ufunguo ili aipanguse, kisha akaniacha nicheze bure mpaka tata aniite nikamsaidie kuanika.

Nilikuwa hodari, sina haja ya kujificha. Mzee wa baa alisema ninawashinda wale waliokuja na bunduki. Ilikuwa ni gemu ya mtu mdogo mwenye kofia aliyevuka mto kwa kurukia mawe, na mawe yenyewe yalikuwa yakizama. Lakini si kushinda kulikoniteka. Siku moja nilisogeza pua hadi kwenye kioo, nikaona kwamba yule mtu hakuwa mtu, alikuwa miraba. Kofia miraba sita, mkono miraba mitatu, mguu miraba minne. Alipotembea, hakuna kilichotembea kwa kweli: picha moja iliondoka, nyingine ikakaa mahali pake. Nikakumbuka daftari langu la hesabu, ambalo kila ukurasa wake ni miraba mitupu, nikajua kwamba kazi hiyo ninaweza kuifanya nyumbani kwetu ambako hata stima hatukuwa nayo.

Basi nikaanza gemu yangu. Mwanamke anatoka msituni na mzigo wa kuni. Njiani kuna askari wa msitu, kuna tope, kuna ng'ombe wa jirani asiyefungwa, na mvua inakuja. Sharti afike nyumbani kabla kuni hazijalowa. Niliwachora wote, mraba kwa mraba, kwa penseli za rangi. Mwanamke mwenyewe alikuwa mama yangu. Sikumtafuta mwingine, kwa maana nilikuwa nikimwona kila wiki akipanda njia yetu, mkanda wa mzigo umempita kwenye paji la uso, shingo imekaza, macho kwenye vidole vyake vya miguu.

Mama alikuwa na mwendo wake. Alitua kisigino cha kulia kwanza, polepole, kisha bega la kushoto likashuka kidogo, ndipo mguu mwingine ukaja. Ilinichukua muhula mzima na likizo yake kuupasua mwendo huo kuwa hatua nane. Kila hatua niliichora kwenye ukurasa wake, mahali palepale, ili ukishika daftari na kuziachia kurasa zikimbie chini ya kidole gumba, mama atembee. Siku alipotembea kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu chumbani hadi machozi yakanitoka.

Kaka alizijua picha hizo. Alinikuta nazo mara nyingi. "Unamaliza shule bado uko na mchezo?" alikuwa akisema, na kutoka hapo anakwenda zake mtaa wa Majengo. Kila Jumamosi baada ya chakula aliketi nje ya duka moja kule chini, yeye na wenzake, wakicheza drafti kwa vizibo vya soda mpaka jua lizame. Mchezo wake uliitwa kupumzika. Wangu uliitwa kupoteza wakati. Hilo lilinikera wakati ule na linanikera hadi leo, kwa sababu hakuna hata mmoja pale nyumbani aliyeona kwamba ni jambo la kuchekesha.

Kisha barua ikaja. Chuo kimoja cha Nairobi kilikuwa na kozi ya ubunifu, na waliniita kwa intaviu Jumatatu, nije na kazi zangu. Kazi zangu zilikuwa ni yale madaftari, sikuwa na nyingine. Na nisipopita, nilijua kinachoningoja: kaka alikuwa ameshaniombea nafasi ya kufundisha katika shule yake ya msingi, mwalimu asiyesomea ualimu, chini ya macho yake. Alikuwa ameshamwambia mwalimu mkuu ndiyo, kabla ya kuniuliza mimi.

Wiki ile nilikwenda Nanyuki siku tatu kumwazima tata viatu, maana vyangu vilikuwa vya shule na vimepasuka. Nilirudi Ijumaa alasiri, viatu mkononi, nikavuta sanduku chini ya kitanda. Lilikuwa jepesi. Ndani mlibaki rula na kipande cha ufutio.

"Mama, vitabu vyangu viko wapi?"

"Zile za hesabu?" Mama alikuwa akichambua maharagwe, hakuinua kichwa. "Nilipeleka kwa duka. Kaka yako aliangalia akasema umemaliza na hizo."

Asiyetoka kwetu pengine haelewi. Kila nyumba ilifanya hivyo. Shule zikifungwa, madaftari ya zamani yanapelekwa dukani, yanapimwa kwenye mizani, na mama anarudi na chumvi na kiberiti. Mwenye duka anawagawia wauza maandazi na wauza njugu wafungie wateja. Mama hakujua kusoma. Aliona miraba iliyojazwa rangi, akamwita mwenye elimu katika nyumba aseme, na mwenye elimu akasema. Ningeweza kumsamehe hapohapo. Sikumsamehe. Nilimwambia, "Umenimaliza," nikaenda nyuma ya nyumba nikapiga ukuta teke mpaka kidole kikavimba.

Alinifuata. "Maitu, pole. Sikujua." Aliniita hivyo tangu nizaliwe, yaani mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mamake kama desturi yetu ilivyo. Nilimpa mgongo.

Jumamosi asubuhi nilishuka Majengo. Mwenye duka alinyoosha mikono tu: karatasi zimeshatoka tangu juzi. Nikaanza kupita kibanda kwa kibanda nikiwaomba watu wanionyeshe karatasi zao. Wengine walidhani akili zangu zimeruka. Nilimpata ng'ombe wa jirani kwenye bucha, amelowa damu. Askari wa msitu alikuwa amefungiwa tumbaku. Kila nilipopata ukurasa hasira zilinipanda upya, maana kila mmoja nilikumbuka nilivyouchora, nilikuwa nimekaa wapi na nje kulikuwa na hali gani.

Karibu na msikiti aliketi mama mmoja muuza maandazi, mtu wa Majengo kwa kuzaliwa, Kiswahili chake kimenyooka. Alikuwa na rundo zima la kurasa zangu chini ya jiwe. Nilizipitia mojamoja. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya sita, nyingine mbili. Aliinama akatazama.

"Mwanangu, huyu si mamako?" alisema. "Yule apitaye hapa na kuni. Ndiye huyu, bega lake lilivyo."

Huyu alikuwa amemwona mama akipita tu barabarani. Aliitazama miraba mara moja, akamjua. Kaka yangu amekula chakula cha yule mwanamke maisha yake yote, na aliitazama miraba hiyohiyo mwaka mzima akaona upuuzi. Mama wa maandazi hakutaka chochote kwa zile karatasi. Alinipa na andazi moja juu yake.

Ya nne niliipata kwa muuza njugu, imepona. Ikabaki ya tano, ile ya kisigino kutua na bega kushuka, ambayo bila hiyo mwendo si wa mama. Muuza njugu alisema karatasi moja ya namna hiyo ameitoa sasa hivi, kwa wale wacheza drafti.

Saa nane ilikuwa imeshapita, nao walikuwa wameketi nje ya duka kama kawaida yao, na kaka alikuwa ameshika pakiti ya njugu. Kutoka ng'ambo ya barabara niliona rangi ya mzigo wa kuni ikizunguka vidole vyake.

"Kaka, nipe hiyo karatasi."

"Ngoja nimalize njugu." Alitupa mbili mdomoni, akaitazama karatasi, akaigeuza. "Aa, kumbe ni ile michoro yako."

Hakushtuka. Hapo ndipo ninapokwama kila Krismasi. Hakuona haya hata kidogo, alitafuna tu.

"Wewe ndiye ulimwambia mama nimemaliza nazo."

"Si umemaliza shule? Wewe utafundisha. Picha za mchezo zitakulisha?"

Nilimnyang'anya ile pakiti nikazimwaga njugu zote juu ya ubao wa drafti. Vizibo viliruka, vingine vikaingia mtaroni. Mzee mmoja aliyekuwa karibu kushinda alinitazama kwa uchungu wa kweli. "Umeharibu gemu yetu," alisema.

"Sasa mnajua vile inauma," nikamwambia, nikaondoka.

Lakini pakiti ya njugu hukunjwa kwa nusu ya karatasi. Nilipoikunjua nilikuta kichwa cha mama, mkanda, mzigo, na bega likishuka. Chini ya kiuno karatasi ilikuwa imepasuliwa. Nusu yenye miguu ilikuwa imefungia njugu za mtu mwingine, na mtu huyo, kwa maneno ya muuza njugu, alikuwa ameshapanda basi la Kagio.

Jioni hiyo nilinakili hatua saba kwenye daftari jipya, kisha nikajaribu kuichora miguu ya tano kwa kukumbuka. Nikaziachia kurasa. Mama alichechemea. Nikafuta, nikachora tena, akachechemea vibaya zaidi. Nilichora mpaka karatasi ikatoboka.

Jumapili mama alirudi kanisani na kitambaa chake cheupe kichwani, viatu vimefutwa. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, daftari magotini.

"Beba kuni," nikamwambia.

"Leo? Jumapili?"

"Leo. Tembea kutoka geti mpaka kwa mibuni yetu, halafu urudi. Polepole."

Alinitazama. Kisha akavua kitambaa cheupe, akakikunja, akaingia stoo na kutoka na mzigo mgongoni na mkanda kwenye paji la uso. Akatembea. Hakuuliza ni kwa nini, na sikumweleza. Njia ya kutoka kanisani inapita kando ya ua wetu, na watu wote wa kanisa walikuwa wakipita saa hiyo wakiwa wamevaa vizuri. Wanawake wenzake walisimama. Mmoja akauliza kwa kicheko, "Mama, hizo kuni za Jumapili unapelekea nani?"

"Ni masomo ya msichana wangu," mama akasema, akageuka na mzigo wake kurudi getini.

Kaka alitoka akasimama mlangoni. "Unamfanya mama nini mbele ya watu?" Nilimkata jicho nikamwambia arudi kwa drafti yake. Alirudi ndani, na huo ndio mchango wake wote katika masomo yangu.

Jumatatu nilikwenda Nairobi na viatu vya tata. Mezani walikuwa watatu. Mwanamke mmoja miongoni mwao aliziachia kurasa zikimbie, akatabasamu, akazirudia mara nne. "Huyu mama anaenda wapi?" aliuliza. Nikasema anaenda nyumbani. Walinichukua, lakini kwa ubunifu wa vitambaa, maana gemu hawakujua wazifundishe vipi, na nchi nzima haikuwa na wa kuniajiri kuzichora. Nimejaza miraba ya sweta na mazulia maisha yangu yote. Mwanamke wa kuni hajawahi kufika nyumbani kwake, yuko bado kwenye daftari.

Huo ndio ukweli juu ya kaka, na watoto wakitaka wausome. Lakini nikisema nitaandika ilivyokuwa, sharti niandike yote. Mguu wa mama niliupata safari ya tatu. Kisigino, bega, kila mraba ulikaa mahali pake, nikaziachia kurasa na akatembea sawasawa. Hapo ningeweza kusimama nimtue mzigo. Sikusimama. Niliinamisha kichwa nikajifanya ninachora, penseli haigusi karatasi, na watu wa kanisa wakapita, na jua likapanda, na mama akatembea mpaka safari ya kumi. Kila alipofika kwenye mibuni aligeuka, jasho likimshuka chini ya mkanda, akaniuliza taratibu, "Maitu, bado?"

Nami nikamjibu, "Bado."