Fundi wa ‘uji’ wa bunduki asiyeitikia salamu

Saa mbili na robo asubuhi, mtu anapiga hodi kwenye chumba cha mwisho cha kituo kimoja cha mafunzo ya askari wa wanyamapori wa vijiji, nje kidogo ya mji wa Tabora. Hakuna anayesema karibu.

“Shikamoo, mama!” Kimya. “Mama, shikamoo!” Kimya tena.

Ndani, Advera Luhende (47) ni mzima wa afya na masikio yake hayana hitilafu. Ameinamia benchi lenye maganda hamsini ya risasi, mkononi ana kipimo kidogo cha baruti. Anamimina, anasogeza kidole kwenye ganda linalofuata, anamimina tena. Mgeni, ambaye ndiye mwandishi wa makala haya, anainua macho na kusoma kibao alichokipita bila kukiona: HAPA HATUSALIMIANI.

Kwa Tabora, hilo ni karibu na tusi. Huku watu wakikutana njiani huulizana nyumbani, watoto, ng’ombe na mvua kabla ya kuulizana safari. Mgeni anasimama mlangoni akijiuliza kosa lake ni nini.

Ganda la hamsini linapopata haki yake, Advera anawasha tochi na kuchungulia moja baada ya jingine. Kisha anageuka, uso wote kicheko.

“Marahaba, mwanangu! Zote mbili nilizisikia. Karibu sana. Za utokako? Nyumbani hawajambo? Mvua mmepata?”

Advera ni fundi wa risasi za mazoezi. Anapokea maganda yaliyokwisha kutumika, anayasafisha, anayapima, kisha kwa mashine ya mkono anayajaza upya kwa baruti pungufu. Anafanya hivyo kwa kibali, ndani ya chumba chenye kufuli mbili. Risasi zake hutoka kwa mlio mdogo na teke dogo begani, zikatoboa karatasi ya shabaha na kuishia kwenye tuta la udongo.

“Ile risasi ya kazini naiita ugali,” anasema. “Hii yangu ni uji. Wewe ulimwona wapi mtoto anaanzishwa na ugali?”

Jina limeshika. Siku hizi hata wanafunzi wakipanga foleni uwanjani huulizana, “Leo tunakunywa au tunakula?”

Kibao kina kisa chake. Miaka minne iliyopita, Advera akiwa katikati ya kumimina, kijana mmoja mwenye adabu zake alipita dirishani akamwamkia. Naye, kama mama yeyote aliyelelewa, akajibu, “Marahaba, baba, hamjambo?” Mkono ukarudi kwenye ganda ambalo tayari lilikuwa na baruti.

“Ganda la uji halijai,” anaeleza, na hapa kicheko kinamtoka usoni. “Ukimimina mara mbili halimwagiki, linakaa kimya tu. Atakayekwambia ni bunduki, na itakwambia vibaya, usoni kwa mtoto wa mwenzio.”

Tochi ndiyo iliyomwonyesha. Alimwaga baruti ya maganda yote hamsini, akaanza upya. Jioni ile akachukua rangi na kuandika kibao kwa mkono wake.

Kibao kilimponza nyumbani. Mama mkwe wake, Bi. Asnath, alikuja kutoka Nzega na kuku wawili, akafika kituoni moja kwa moja. “Mwangaluka!” akaamkia kwa Kinyamwezi, kwa sauti ya kusikika ng’ambo ya bonde. Mkwe hakupiga goti. Mkwe hata hakugeuka.

“Nilikwenda zangu Isevya, mjini, nyumbani kwa mwanangu, na kuku wangu,” anasimulia Bi. Asnath mwenyewe. “Nikamwambia, Deus, mkeo amekula kiapo cha ububu, au ananidharau. Chagua moja.”

Deus alisuluhisha siku mbili. Ya tatu Bi. Asnath alirudi kituoni, akaketi kwenye kiti nje ya mlango, akatazama kazi kimya tangu mwanzo hadi mwisho. Alipoelewa, hakuondoka. Kwa wiki zote mbili za ziara yake alikaa pale pale akizipokea salamu za watu wote. “Nipe mimi,” alikuwa akiwaambia wapitao, “nitamfikishia.”

Mtu ambaye hakuupenda uji ni mkufunzi mkuu wa shabaha, Bwana Mabruki. Aliuita risasi za harusini. Kwake yeye, askari hujifunza kwa teke, na asiyelimudu arudi akalime. Mwaka huu, wanafunzi kumi na wawili walipofeli jaribio mara mbili, alimwendea Advera na sharti lake.

“Aliniambia, ‘Mama, wachukue. Wiki tatu. Wakifeli la tatu, wao wanarudi makwao na hilo benchi lako linatoka. Wewe utarudi stoo ukagawe mablanketi.’” Advera anatikisa kichwa. “Stoo nilikaa miaka kumi na moja. Blanketi halikosei wala halipatii. Hapa ndipo nilipojijua mimi ni fundi.”

Miongoni mwa kumi na wawili hao alikuwa Julieth, 23, kutoka Ulyankulu, binti wa warina asali. Anaweza kukwea mti wa mzinga bila kamba, lakini akishika bunduki alikuwa akifumba macho yote mawili kabla hajavuta. Siku yake ya kwanza kitako kilikuwa kimemtia jeraha begani, na aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka. Katika kila jaribio alipata shabaha mbili kati ya kumi, zile zile mbili.

“Mama alinipa uji wiki mbili mfululizo,” anasema Julieth. “Wiki ya tatu akaanza kunichanganyia kimya kimya. Sikujua ipi ni uji, ipi ni ugali. Mwili nao ukaacha kuogopa, maana hata wenyewe haukujua uogope ipi.”

Ijumaa ya jaribio, uwanja umejaa. Risasi ni za kazini, kumi kwa kila mmoja, na anayefikisha saba amefaulu. Advera hakai. Anasimama nyuma ya kamba, kitenge amekikaza kiunoni, midomo inasali rozari. Wanatangulia watano, wote wanafaulu. Wa sita ni Julieth.

Analala chini, anaweka kitako begani. Macho yako wazi! Mlio wa kwanza unakwenda mpaka kwenye miembe ya barabarani. Wa pili. Wa tatu. Mpaka wa kumi. Advera amejishika mashavu. Mwamuzi anakwenda kwenye karatasi, anahesabu kwa kidole, anarudia, kisha anapaza sauti: “Nane!”

Julieth anatimua mbio na kumrukia fundi wake, wote wawili wanaanguka kwenye nyasi. Vigelegele vinafuata. Hadi saa saba mchana, kumi na mmoja kati ya kumi na wawili wamefaulu.

Bwana Mabruki anamvuta Advera pembeni, ila si mbali kiasi cha kutosikika. “Mama,” anasema huku akijisugua bega la kulia, “umebakiwa na uji kidogo? Tangu mwaka juzi na mimi nafumba macho.”

Benchi limebaki. Jumatatu Julieth amepangiwa kwao, kulinda msitu wenye mizinga ya watu, na Advera ndiye aliyemkabidhi risasi kumi za kazini, moja moja, kiganjani. Ana matumaini gani kwa mwanafunzi wake?

“Mwakani anirudishie zote kumi, hajapiga hata moja,” anasema. “Hapo nitajua nilimfundisha. Za kukosea alishazimalizia kwangu.”