Simu Nane Kwenye Chaji

Mdogo wangu analipwa kuzilaza simu za watu. Ukimwuliza kazi yake atazunguka nusu saa, atakutajia herufi za ajabu ajabu, mwishowe utasema "hongera" ili anyamaze. Mimi dada yake namfupisha hivi: ukimaliza kutumia simu, yeye ndiye anayeamua mtandao usubiri sekunde ngapi kabla ya kuiruhusu ipumzike. Ikikaa macho, inaunganika upesi lakini inakula betri bure. Ikilala mapema, betri inadumu, ila ukiihitaji lazima kwanza iuite mnara, itambuliwe, ipewe njia, na wewe umekodoa macho ukisubiri.

Kazi hiyo alipewa mtu asiyefaa. Utotoni alilala na sare za shule, soksi mguuni, ili asubuhi asichelewe. Mama alimvua, akamvua, akachoka. Mtu wa namna hiyo ukimkabidhi simu za nchi nzima, unategemea azilaze?

Basi watu wa mjini wakalalamika kwamba mtandao ni mzito. Wakubwa wake wakamjia juu. Akaongeza sekunde kutoka kumi hadi arobaini, akapima wiki mbili mezani kwake, simu zikawa zinaunganika kufumba na kufumbua. Kikaoni alipigiwa makofi, na sekunde hizo zikawekwa kwenye minara yote nchini. Alinipigia kunisimulia, nami nikamsifu, maana ni mdogo wangu na sifa anazipenda.

Mimi ni mkunga. Zahanati yetu ina vyumba vitatu, kitanda kimoja cha kuzalia na paneli moja ya sola. Umeme ule ni wa friji ya chanjo kwanza; simu zetu tunazichaji kidogo tu asubuhi, na miaka yote chaji hiyo ilinifikisha jioni. Mwezi ule ikawa saa nane mchana simu imezima. Nilimlaumu aliyeniuzia, kisha nikamweleza mdogo wangu.

"Badilisha betri, dada. Hiyo simu yako imezeeka."

"Kama mimi?"

"Sijasema hivyo!"

Alhamisi moja, saa tisa mchana, mama mmoja alijifungua mtoto wa kike mwenye sauti kubwa. Tukacheka. Halafu damu ikaanza kumtoka mama, na haikukata. Nilimchoma sindano niliyokuwa nayo, nikamkanda tumbo, nikamwambia muuguzi amwite dereva wa gari la wagonjwa. Simu yangu imezima. Yake imezima. Akatoka mbio hadi dukani. Ya muuza duka nayo imezima. Mpaka akapata mtu mwenye chaji na gari likafika, zilikuwa zimekwenda dakika arobaini. Muda wote huo nilikuwa nimemkandamiza yule mama kwa mikono miwili, namsemesha, naye hajibu. Gari lilimchukua akiwa hajitambui.

Kesho yake asubuhi nilipanda ngazi hadi ofisini kwa mdogo wangu, bila kumwarifu. Sikujua nimefuata nini. Nadhani nilitaka mtu wa kumgombeza. Nilimweleza yote. Mezani kwake palikuwa na simu nane zimepangwa mstari, kila moja imechomekwa waya wa chaji.

"Ndizo ulizopimia hizi?"

"Ndizo."

"Umewahi kuzichomoa?"

Akatikisa kichwa. Ofisini kwao hakuna anayechomoa simu ya majaribio, kwa sababu ikizima katikati ya kipimo kazi ya siku nzima imepotea. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyowafundisha wengine. Kasi walikuwa wanaipima kwenye simu ambazo hazijawahi kuonja njaa.

Alizichomoa moja moja mbele yangu, akaziacha ziendelee na kipimo. Tukakaa. Kufika saa nane mchana, sita zilikuwa zimezima.

"Ni mimi, dada," akasema.

Nilitaka kumwambia si yeye. Sikuweza.

Baadaye akaniuliza, bila kunitazama, "Mzazi akichukua muda mrefu, wewe unapumzikaje?"

"Nafumba macho kitini, viatu mguuni. Akiniita, sianzi kutafuta mlango uko wapi."

Alisema njia ya namna hiyo ipo. Simu inasinzia tu, na mnara unaendelea kuikumbuka, kwa hiyo ikiamka haianzi kujitambulisha upya. Hawakuwa wameiwasha kwa sababu lazima ipangwe mnara kwa mnara, na hakuna aliyetaka usumbufu huo. Wiki hiyohiyo aliianza, minara ya upande wetu ikatangulia. Kwa simu kuukuu kama yangu, zisizojua kusinzia, alirudisha sekunde kumi.

"Itachelewa kidogo kuunganika," akanionya.

"Nipe iliyo hai. Kuchelewa nitavumilia."

Habari za yule mama hakuniuliza. Aliogopa jibu, nami kwa ukaidi wangu sikumpa. Labda ulikuwa ukatili. Nilikuwa bado na hasira naye.

Tangu hapo anatembea na simu moja asiyoichaji kuanzia asubuhi hadi jioni, na kila siku saa tisa mchana ananipigia kwa hiyo. "Upo?" "Nipo." Anakata. Siku nyingine ananikuta nimevaa glavu. Baadaye nampigia kumfokea, lakini kesho saa tisa anapiga tena.

Wiki iliyopita simu iliita nikiwa napima uzito wa mtoto wa kike mwenye sauti kubwa. Mama yake alisimama kando ya mizani, amekonda, lakini amesimama.

"Nipokelee," nikamwambia. "Ni mdogo wangu."

Akaweka simu sikioni, akasikiliza.

"Anauliza kama upo."

"Mjibu wewe. Mwambie ni mama wa Alhamisi ile."

Akanishangaa, lakini akasema, "Mimi ni mama wa Alhamisi ile. Nipo."

Upande wa pili kukawa kimya. Akanirudishia simu, akisema huenda mtandao umekatika. Niliiweka sikioni. Mtandao ulikuwapo. Mdogo wangu alikuwa anapenga kamasi.