Kimbunga cha Shakuru

Mwaka 1997 Shakuru alikuwa akishona nguo kwenye baraza ya duka moja la mtaa wa Asiatique, na redio yake ilikuwa mbovu kwa namna yake: kitufe cha kutafutia stesheni kilivunjika, mshale ukaganda mahali pamoja. Kila asubuhi alisikika mwanamke akisoma kwa Kifaransa hali ya hewa ya kisiwa fulani cha mbali. Mawimbi, upepo, joto la maji, basi.

Wakati ule wa vita watu wa Bujumbura walifungua redio ili wajue ni mtaa gani umelia risasi. Wateja wakamsihi atafute redio nyingine.

"Hii haijanitajia maiti hata siku moja," alijibu.

Kidogo kidogo nao wakanogewa. Mtu alileta suruali ya kupunguza, akauliza kwanza, "Bahari iko namna gani leo?"

"Imetulia, lakini wenye mitumbwi midogo wasiende mbali."

Wiki ya harusi ya binti yake Amira, mwanamke wa redioni akatangaza kimbunga. Bwana harusi, Seifu, alikuwa mtu wa Ruziba, kando ya ziwa, na kwa kuwa barabara haikuaminika, watu wake wangekuja kwa boti. Shakuru akataka harusi iahirishwe.

"Baba Amira," mkewe Asiya akamwambia, "kile kimbunga kiko na wenyewe. Sisi tuko na ziwa."

"Maji ni maji. Mi siwezi kuzamisha wakwe."

Asiya akaendelea kuchambua mchele. Shakuru akapanda juu ya nyumba yao ya mtaa wa Buyenzi, akafunga mabati kwa kamba. Majirani walipomwona, nao wakafunga ya kwao bila kuuliza, maana vita vilikuwa vimewafundisha kufanya kwanza na kuuliza baadaye. Jua lilikuwa kali hata mbuzi wamejibanza ukutani.

Askari wa doria akasimama. "We, muzee, munaogopa nini?"

"Kimbunga, shefu. Kiko njiani."

Askari akashusha sauti. "Kimbunga ni nani? Iko na watu wangapi?"

Shakuru hakulielewa swali. "Watu sijui. Wamesema inakwenda kilomita mia kwa saa."

"Kwa miguu?"

"Inatokea kwenye maji, shefu."

Askari akaondoka mbio. Siku ya harusi, boti ya kina Seifu ilipofika ufukweni, ziwa limelala kama mafuta kwenye sahani, ilipokewa na askari kumi na wawili. Shangazi zake Seifu wakainua mikono, na masufuria yao pia.

"Mumekutana na Kimbunga?" mkubwa wa askari akauliza.

"Apana, shefu," Seifu akasema kwa sauti nyembamba. "Mi nakuja kuoa."

Mkubwa akawaza, akaona bwana harusi ndiye mtu ambaye Kimbunga angependa kumteka. Akaamuru asindikizwe. Hivyo Seifu akaingia Buyenzi katikati ya bunduki, jasho likimtiririka ndani ya kanzu, shangazi wakipiga vigelegele kwa woga tu. Watu wakadhani ni mtoto wa waziri. Tangu vita vianze, hapakuwa na harusi iliyolindwa vile.

Nikaha ikafungwa. Asiya akawapakulia askari pilau, wakala wamesimama.

Yule mkubwa akamvuta Shakuru pembeni. Shakuru akadhani anataka kuulizwa kimbunga chake kiko wapi.

"Muzee," mkubwa akasema, akifungua kiganja, "kifungo ya shati yangu imetoka. Unaweza kushona?"

Shakuru akakaa chini na kanzu yake mpya, akatafuta sindano.