Kilichomo Katika Kikombe cha Koko

Koko alirudi kutoka hospitali akiwa mwepesi hivi kwamba mama alimbeba peke yake kutoka kwenye pikipiki mpaka kitandani, kama mtu anayebeba kapu la nguo zilizokauka. Malaria ilikuwa imeisha. Daktari alisema vipimo vyote ni vizuri, hata sukari ya damu, na kazi iliyobaki ni moja tu: ale. Na kula ndiko alikokataa.

Koko ni nyanya yangu, mama wa mama. Tunaishi watatu katika nyumba iliyo karibu na reli, hapa Kalemie, kando ya ziwa. Mama ana friza kubwa barazani na anauza aiskrimu, ambayo sisi tunaiita kreme, katika vikombe vidogo vya plastiki. Mimi nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya lishe chuo kikuu na bado natafuta kazi. Kwa mara ya kwanza mtu wa nyumbani alihitaji kitu kile kile nilichosomea, nami sikulala vizuri kwa kuwaza nikikosea itakuwaje.

Kila jirani aliyekuja kumwona alileta uji. Uji wa mahindi, uji wa soya, uji wa mtama. Mdomo wake ulikuwa na vidonda, kwa hiyo sote tulidhani uji ndio utakaopita. Koko aligeukia ukuta.

"Mulinitoa hospitali munilete mu uji," alisema. "Heri mungeniacha."

Siku moja mchana, joto likiwa limekaa juu ya mabati, alimsikia mama akifungua friza.

"Ile kitu ya baridi," alisema. "Nipe."

Mama alimpa kikombe. Kwanza akala yeye kijiko kimoja mbele ya Koko, maana kwa Koko hakuna chakula kinachopita mdomoni kabla aliyekileta hajakionja. Ndivyo alivyolelewa kwao Mpala, na hospitalini alimtazama muuguzi aliyeleta dawa ya maji mpaka yule mama wa watu akalamba kijiko. Koko akachukua kikombe. Akala kijiko, akafumba macho, akala kingine. Kikombe kikabaki na unyevu tu.

Nilifurahi mno. Nikaenda nyuma ya nyumba na kuanza kuwaza. Kilichomo katika kreme ya mama nakijua: maziwa ya unga, viini vya mayai, sukari, maji, na vanila kidogo. Kwa hiyo kuna mafuta, na mafuta yana nishati nyingi ndani ya kijiko kidogo, jambo zuri kwa mtu anayeshiba haraka. Kuna protini ya maziwa na ya yai. Kuna kalsiamu kwa mifupa. Na ubaridi unatuliza vidonda. Ilikuwa kama dawa, tena inayodaiwa na mgonjwa mwenyewe!

Halafu nikaanza kuogopa. Sukari ni nyingi mno. Nyuzi za mboga hakuna. Chuma ni kama hakuna. Na ile hewa anayoiingiza mama kwa kupigapiga mchanganyiko ili kreme iwe laini inajaza kikombe bila kumlisha mtu. Pengine Koko alikuwa amekula nusu hewa. Na umeme ukikatika, ikayeyuka, ikagandishwa tena? Nilimfuata mama jikoni na maswali hayo yote.

"Amekula ao hajakula?" aliuliza mama.

"Amekula. Lakini protini haitoshi."

"Basi ongeza yai, uniachie nafasi nipike."

Yai lingetosha. Ningeongeza maziwa na viini, nipunguze sukari, mambo yaishe. Lakini chuoni tulifundishwa kuwashauri akina mama watie katika uji wa watoto unga wa ndagala, wale dagaa wadogo wa ziwa letu, waliokaushwa na kutwangwa na mifupa yao yote. Ushauri mzuri, nimeutoa mara nyingi mwenyewe. Protini, kalsiamu na chuma, vyote katika kijiko kimoja. Na kama unga unaingia katika uji wa mtoto, nilijiambia, kwa nini usiingie katika kreme ya Koko? Wazo lilikuwa zuri mno hata nikacheka peke yangu.

Nilikaanga ndagala bila mafuta, nikawatwanga, nikauchekecha unga mara mbili ili usikwaruze vidonda. Nikapika maziwa na viini mpaka vikawa vizito, nikaacha vipoe, nikatia unga. Mama aliona rangi.

"Hiyo njo kreme kweli?"

"Ina kila kitu, mama. Nilikuwa nawaza hata mawese kidogo, kwa vitamini A."

"Mawese hapana," alisema mama. "Ukitia mawese mu friza yangu, utahama na friza."

Alasiri kreme ilikuwa imeganda. Niliipima kwa macho: laini, nzito, yenye madoadoa ya kijivu kama mchanga wa ufuoni. Nikampelekea Koko. Alikuwa ameketi mwenyewe, ananisubiri.

Alinyoosha mkono, akaurudisha.

"Onja."

Nilikuwa nimesahau. Nilipima, nilichekecha, nilihesabu virutubisho, lakini sikuionja. Nikatia kijiko mdomoni. Mwanzoni kulikuwa na ubaridi na vanila, nikapumua. Kisha ikaanza kuyeyuka, na nyuma ya vanila wakaja ndagala, kundi zima, na chumvi yao. Nilijitahidi uso usiseme kitu. Nikawaza: nikitema, hatakula tena kreme maisha yake yote. Nikimeza, atakula hii. Nikameza.

Koko alinitazama hasa. Kisha akachukua kijiko, akaonja kidogo kwa ncha ya ulimi.

"Nani amekufa," aliuliza, "mpaka munazika samaki mu kreme?"

Mama alikuwa mlangoni. Alishika mlango kwa kucheka. Koko naye akaanza, kicheko kikavu kilichomtikisa mabega, nami nikashindwa, nikacheka na machozi.

"Ni kwa ajili ya protini, Koko," nilisema.

"Hiyo uuzie mutu unayemuchukia." Akailamba midomo yake, polepole, na uso wake ukabadilika. "Lakini ndagala munao. Munao humu nyumbani, na munanipa uji."

"Mdomo wako una vidonda," nilianza. "Na tumbo lilikuwa tupu, haifai kuanza na—"

"Pika na mafuta kidogo," alimwambia mama, kana kwamba sikuwepo. "Pilipili usitie. Na bukari, iwe laini."

Mama hakungoja nimalize kuwaza. Akaweka jikoni maji ya bukari, ugali wetu. Nilisimama pale nikihofia uzito wa bukari, chumvi ya ndagala, mfupa utakaokwama. Koko alimega tonge dogo, akalichovya, akatafuna upande mmoja wa mdomo, akamega jingine. Mama alitazama sahani, mimi nilitazama koo lake likipanda na kushuka. Sikuhesabu chochote.

Alipomaliza alifuta vidole.

"Sasa lete kreme. Ile ya mama yako."

Nilikimbia. Nilileta kikombe cha kawaida, cheupe, na kijiko nikakichovya ili nionje mbele yake kama inavyotakiwa. Koko akanipokonya kijiko.

"Hii usionje," alisema. "Utaimaliza."